Kabla ya Kuingia, Tafuta Mlango wa Kutokea
Tuliyojifunza kwa kutumia mitandao ya kijamii na blogu kama mtumiaji wa kawaida

*(Matini ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumiaji wa huduma za mawasiliano katika maadhimisho ya Siku ya Haki za Mtumiaji Duniani)*



Siku ya leo, tarehe 15 Machi, haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Tarehe kama hii mwaka 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipeleka ujumbe katika Bunge la nchi yake akitaja haki nne za mtumiaji: haki ya usalama, haki ya kupewa taarifa, haki ya kuchagua na haki ya kusikilizwa. Zama hizo mtumiaji aliyezungumziwa alikuwa mnunuzi wa chakula, dawa na magari. Leo tunaomba kuzungumzia huduma isiyowekwa rafuni wala kubandikwa bei, ambayo hata hivyo wengi wetu tumeifungua leo kabla ya kunywa chai ya asubuhi: mitandao ya kijamii na blogu.

Hatukuja kuwakataza kuitumia. Sisi wenyewe tunaitumia. Tumekuja kuwaeleza yaliyotupata tulipoamua kuitumia kwa makini, tukiandika kila kitu daftarini.

Kwa nini tulijaribu wenyewe

Kwa miaka kadhaa vijitabu vyetu vimekuwa vikimwambia mtumiaji maneno yale yale: soma vigezo na masharti, linda neno lako la siri, usiamini kila ujumbe. Maneno hayo ni sahihi. Lakini malalamiko yanayotufikia yanaonyesha kwamba wengi wa wanaolalamika si watu wasioyajua. Ni walimu, wenye maduka, wanafunzi wa vyuo, wazee waliostaafu baada ya utumishi uliotukuka. Hapo ndipo tulipojiuliza: je, sisi tunaotoa ushauri huu, tunaufuata?

Tulijitolea watumishi wanne. Kwa muda wa wiki nne tulikubaliana kuuweka kando utumishi wetu na kuwa watumiaji tu. Tulitumia simu zetu wenyewe, mbili kati yake zikiwa zimenunuliwa mkononi mwa mtu. Tulinunua vifurushi kwa fedha zetu, hatukugusa intaneti ya ofisi, na tuliapa kutompigia simu mtu yeyote tunayemfahamu katika kampuni za simu ili atusaidie tukikwama.

Kila mmoja alichagua kazi ambayo mwananchi wa kawaida huifanya. Wa kwanza alifungua blogu ya mapishi ya nyumbani. Wa pili alimfungulia mdogo wake, fundi wa kushona nguo, ukurasa wa kuonyesha picha za kazi zake. Wa tatu aliunda kundi la ujumbe la ukoo kwa ajili ya michango ya harusi. Wa nne hakufungua kitu kipya, bali alirudi kwenye akaunti yake ya zamani, aliyoifungua alipokuwa mwaka wa kwanza chuoni. Kila jioni tuliandika mambo matatu: tumeulizwa nini, tumekubali nini, na tumelipa nini.

Tunakiri kwamba tulianza kwa kujiamini kupita kiasi. Sote tuko chini ya umri wa miaka 35, tumekua na simu mkononi, na tulidhani daftari zetu zitajaa makosa ya watu wengine.

Kuingia ni rahisi mno

Kufungua akaunti hakukumchukua yeyote kati yetu zaidi ya dakika chache. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, tarakimu za uthibitisho, na mlango ukawa wazi. Kisha yakafuata maombi: programu inaomba kuona orodha yako ya namba za simu, inaomba kuona picha zako, inaomba kamera, kipaza sauti, na mahali ulipo. Mara nyingi kitufe cha kukubali kilikuwa kikubwa na chenye rangi, na cha kukataa kilikuwa maneno madogo ya kijivu, ambayo wakati mwingine hayakusema "hapana" bali "baadaye".

Vigezo na masharti vilikuwapo, vikiwa na kurasa nyingi, na katika huduma kadhaa tulivikuta kwa Kiingereza cha kisheria pekee. Usiku wa kwanza tulipolinganisha daftari zetu, tuligundua kwamba kati yetu wanne, ambao kazi yetu ni kuwahimiza wananchi wasome vigezo na masharti, hakuna hata mmoja aliyevisoma hadi mwisho. Aibu hiyo imebadilisha namna tunavyotoa ushauri, kama mtakavyosikia mbele.

Jambo moja tulilolijaribu likatufaa sana. Kwa ukurasa wa fundi wetu wa nguo, tulikataa kila ombi isipokuwa lile la kutumia picha. Ukurasa ukafanya kazi vilevile. Tukajifunza kwamba maombi mengi si sharti la kupata huduma; ni maombi tu, na ombi hukubali kukataliwa. Kwenye simu za Android, tangu toleo la mwaka 2015, mtumiaji anaweza kutoa au kuondoa kila ruhusa peke yake kupitia mipangilio ya simu, na kwenye simu za iPhone ni hivyo hivyo. Kwa hiyo anza kwa kukataa. Kitu kikishindikana kwa sababu ya kukataa kwako, ndipo ufikirie kuruhusu.

Orodha ya namba za simu inahitaji uangalifu wa pekee. Namba zilizomo ni za mama yako, daktari wako, mwajiri wako na jirani yako. Unapoiruhusu programu kuichukua orodha hiyo, unatoa mali ambayo si yako peke yako, na wenzako hawakuulizwa.

Bure ina bei yake

Hakuna hata huduma moja kati ya tulizotumia iliyotudai shilingi mlangoni. Lakini jioni tulipoandika "tumelipa nini", ukurasa haukuwa mtupu.

Kwanza tulilipa kwa bando. Video zilizojicheza zenyewe tulipokuwa tukipitisha kidole, na picha na video zilizojipakua zenyewe kutoka kwenye kundi la ukoo, zilimaliza vifurushi vyetu kabla ya siku tulizozipangia. Dawa yake ni nyepesi na inafanyika mara moja: ingia kwenye mipangilio ya programu, zima video kujicheza zenyewe, na uamuru picha na video zisijipakue mpaka wewe uziguse.

Pili tulilipa kwa taarifa zetu. Huduma nyingi za aina hii huendeshwa kwa fedha za matangazo, na mtangazaji hulipa ili tangazo lake limfikie mtu anayeelekea kununua. Ndiyo maana fundi wetu, baada ya siku mbili za kutazama mishono na vitambaa, alianza kuona matangazo ya vitambaa kila alipofungua ukurasa wake. Hilo si uchawi, wala simu haikuwa imemsikiliza akizungumza na wateja. Mtandao ulikuwa umeandika alichokitazama. Anayelijua hilo hashangai, na hununua kwa kuhitaji badala ya kununua kwa kuonyeshwa.

Kundi la ukoo na tarakimu sita

Mabibi na mabwana, sasa tunafika mahali ambapo jaribio letu liliacha kuwa jaribio.

Katika wiki ya pili, shangazi wa mwenzetu, mwanakundi wa lile kundi la michango ya harusi, alipokea ujumbe kutoka kwenye akaunti ya mpwa wake mwenyewe. Ujumbe ulikuwa wa upole: "Shikamoo shangazi. Samahani, kuna namba sita zimetumwa kwako kwa makosa, naomba unirudishie." Dakika hiyo hiyo ukaingia ujumbe mfupi wenye tarakimu sita. Shangazi akazituma. Ndani ya saa moja akaunti yake ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, nayo ikiliandikia kundi kwamba mtunza fedha amebadilisha namba, na michango itumwe kwenye namba mpya. Ndugu wawili walituma. Fedha hazikurudi.

Maelezo ya tukio hili ni mafupi. Tarakimu sita zile ni ufunguo wa akaunti. Huduma inapotaka kuhakikisha kwamba anayeingia ni mwenye namba, humtumia mwenye namba hiyo ufunguo wa kutumia mara moja. Tapeli aliandika namba ya shangazi kwenye simu yake, huduma ikapeleka ufunguo kwa shangazi, na shangazi akaupeleka kwa tapeli. Akaunti ya mpwa ilikuwa imetekwa kwa njia hiyo hiyo saa chache kabla.

Tunaomba lieleweke jambo moja. Shangazi si mjinga. Alisalimiwa shikamoo na akaunti yenye picha ya mtoto wa kaka yake. Utapeli wa namna hii hautumii ujinga wa watu, bali hutumia wema wao na heshima iliyomo ndani ya familia. Kwa hiyo ushauri wa kusema "kuwa mwangalifu" hautoshi. Kinachohitajika ni utaratibu ambao hautegemei kumtambua tapeli.

Utaratibu huo una hatua tatu. Ya kwanza: kila programu ya ujumbe unayotumia, iwashie uthibitishaji wa hatua mbili. Hiyo ni namba ya siri unayoitunga mwenyewe, ambayo huombwa mtu anapojaribu kufungua akaunti yako kwenye simu nyingine. Shangazi angekuwa nayo, tarakimu zile peke yake zisingetosha. Ya pili: tarakimu za uthibitisho haziendi kwa mtu yeyote, awe mtoto, mchungaji, sheikh au mtumishi wa Mamlaka hii. Ya tatu: ombi lolote la fedha linalokuja kwa maandishi, lithibitishe kwa sauti. Piga simu ya kawaida, msikie mwenyewe.

Na ikishatokea, usione haya. Mpigie mara moja mtoa huduma wako wa fedha kwa simu na uombe muamala uzuiwe, kwani kila dakika ina thamani. Watangazie wanakundi wote kwa sauti. Toa taarifa kituo cha polisi. Namba ya simu inayotumika kwa utapeli itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Kadhalika, piga *106# uhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa, usije ukawa na laini ambayo huijui.

Blogu: nyumba juu ya kiwanja cha mwingine

Mwenzetu wa mapishi alifurahia jaribio hili kuliko sisi sote, nasi tulifaidi wali wa nazi na samaki wa kupaka kila Ijumaa. Blogu ni chombo chenye heshima katika lugha yetu. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha alikuwa tayari akiandika blogu yake ya Jikomboe kwa Kiswahili, na mwaka 2005 mpiga picha Issa Michuzi akaanza yake. Wakati huo wengi wetu tulikuwa shule ya msingi. Hadi leo blogu inampa mtu wa kawaida nafasi ambayo mitandao mingine haimpi: kuandika kwa kirefu, kupanga maandishi yake kwa mada, na kupatikana na msomaji anayetafuta jambo hilo miaka mingi baadaye.

Huduma kama Blogger na WordPress.com humruhusu mtu kuanza bila malipo. Anachopata ni anwani inayoishia kwa jina la huduma hiyo, kama vile blogspot.com au wordpress.com. Hapo pana jambo la kufikiria. Anwani hiyo ni kama nyumba uliyoijenga juu ya kiwanja cha mwingine. Kuta ni zako, maandishi ni yako, lakini mwenye kiwanja akibadilisha masharti, akiweka matangazo asiyokuuliza, au akifunga shughuli zake, huna cha kudai zaidi ya kile ulichokubali siku ya kwanza. Anayekusudia blogu iwe biashara au kazi ya maisha afikirie mapema kusajili jina lake mwenyewe, kwa mfano linaloishia na .co.tz, kupitia wakala aliyeidhinishwa. Jina hilo atahama nalo.

Bila kujali anwani, ziko kanuni tatu tulizozishika.

Kanuni ya kwanza ni nakala rudufu. Blogger na WordPress zote mbili zina sehemu ndani ya mipangilio inayokuruhusu kupakua maandishi yako yote katika faili moja. Mwenzetu alifanya hivyo kila Jumamosi, faili likahifadhiwa nje ya simu. Akiba haiozi, na maandishi uliyoyatolea jasho nayo ni akiba.

Kanuni ya pili ni haki za wengine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hailali kwa sababu picha imeonekana kwenye mtandao. Picha ya chungu cha pilau iliyopigwa na mtu mwingine ni mali yake, hata kama imepatikana kwa kutafuta tu. Mwenzetu aliamua kupiga picha zake zote, ingawa za siku za mwanzo hazikuvutia. Aligundua pia kwamba picha iliyopigwa huku huduma ya mahali ikiwa imewashwa huweza kubeba ndani yake alama za mahali ilipopigwa. Picha ya jikoni kwako inaweza kumwonyesha mgeni njia ya nyumbani kwako. Zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya kupiga.

Kanuni ya tatu ni sheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizotungwa kwa mara ya kwanza mwaka 2018, zikaandikwa upya mwaka 2020 na kufanyiwa marekebisho baadaye, zinawataka baadhi ya watoa maudhui kuwa na leseni. Mtu anayekusudia kuchapisha habari na matukio aulize kwanza, na kuuliza hakuna ada. Tena, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu kila mtu mwenye simu, awe na leseni au asiwe nayo: kuchapisha taarifa za uongo kwa makusudi, kujifanya mtu mwingine na kumnyanyasa mtu mtandaoni ni makosa. Kusema "nilisambaza tu, sikuandika mimi" si kinga ya kutegemea.

Mwenzetu aliyefungiwa nje

Tumemweka mwenzetu wa nne mwisho kwa sababu yaliyompata ndiyo yaliyotupa kichwa cha mazungumzo haya.

Akaunti yake ya zamani alikuwa akiifungua kwa simu ile ile kwa miaka mingi. Ndani yake mlikuwa na picha za chuo, za marafiki, na za siku ya mahafali yake akiwa amesimama na baba yake mzazi, ambaye sasa ni marehemu. Picha hizo hazikuwa mahali pengine popote. Alizipakia, kisha akazifuta kwenye simu ili kupata nafasi, kama wengi wetu tufanyavyo.

Katika wiki ya tatu simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji na haikuwaka tena. Alipata simu nyingine akajaribu kuingia. Neno la siri hakulikumbuka, kwani hakuwa ameliandika kwa miaka mingi. Huduma ikasema itatuma tarakimu za uthibitisho kwenye namba yake. Namba yenyewe ilikuwa laini aliyoiacha baada ya kumaliza chuo. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kupewa mteja mwingine. Huduma ikapendekeza barua pepe. Barua pepe hiyo alifunguliwa na kijana wa kibanda cha intaneti karibu na chuo, ambaye ndiye aliyetunga neno la siri na kuliandika kwenye kipande cha karatasi. Kipande hicho kilipotea zamani.

Alijaza fomu zote. Alituma picha ya kitambulisho. Majibu aliyopata yalikuwa yale yale, yakimrudisha kwenye namba ile ile. Hakukuwa na dirisha la kugonga wala mtu wa kumwona uso kwa uso. Tulikuwa tumeapa kutotumia nafasi zetu kazini, lakini hata tungevunja kiapo isingesaidia, kwani mlango huo haukuwa wetu kuufungua. Wiki nne zikaisha. Hadi tunaandika haya, akaunti ipo, picha zinaonekana kwa marafiki zake wachache, lakini yeye mwenyewe hawezi kuingia. Dada mmoja aliyesoma naye amemtumia zile picha mbili za mahafali alizoweza kuziona. Nyingine zimebaki ndani.

Tulikaa kimya siku aliyotueleza. Kisha mmoja wetu akafungua mipangilio ya akaunti yake na kutazama namba iliyosajiliwa humo. Ilikuwa ya zamani. Sote tukafungua zetu. Kati ya wanne, wawili wengine walikuwa katika hatari ile ile.

Ndugu watumiaji, kazi inayohitajika kuzuia msiba huu haizidi nusu saa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Leo jioni, fungua kila akaunti unayoithamini, uhakikishe kwamba namba ya simu na barua pepe zilizomo ni zako, unazishika mwenyewe na unaweza kuzifungua sasa hivi. Kama barua pepe yako ilifunguliwa na mtu mwingine, badilisha neno la siri kabla hujalala. Pakua nakala ya picha zako. Na siku utakapoacha kutumia laini yoyote, ibadilishe kwanza katika kila akaunti.

Kutoka si kufuta alama kwenye simu

Mwisho wa wiki nne tulijaribu kufunga tulivyovifungua. Tuligundua kwamba watu wengi, nasi tukiwamo, huchanganya mambo matatu. Kuiondoa programu kwenye simu hakufuti akaunti. Akaunti inabaki ilipokuwa, na taarifa zako zimo. Kuisimamisha akaunti ni kuificha tu mpaka utakaporudi. Kuifuta ndiko kuondoka, nako kuna muda wake: Facebook na Instagram, kwa mfano, humpa mtumiaji siku 30 za kubadili mawazo, na akiingia ndani ya siku hizo anaweza kusitisha ufutaji. Tena, ulichokwisha kumtumia mtu, au alichokihifadhi mwingine kwenye simu yake, hakifutiki kwa wewe kuondoka.

Kufungua kulichukua dakika chache. Kutafuta kitufe cha kufuta kulituzungusha kurasa kadhaa, na kusubiri kukachukua mwezi. Hapo tukarudi kwenye zile haki nne tulizozitaja mwanzoni. Haki ya kuchagua haina maana kwa mtu asiyeweza kutoka. Mteja wa sokoni asiporidhika huenda meza ya pili. Mteja wa mtandao, aliyeacha ndani picha za baba yake, wateja wake na maandishi yake ya miaka kumi, habanduki kirahisi. Kwa hiyo uhuru wake anapaswa kuuandaa siku anayoingia.

Sheria inaanza kumsaidia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa, kudai zisahihishwe au zifutwe kwa misingi iliyowekwa, na kukataa zisitumike kumtangazia biashara. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko ya namna hiyo. Haki hizi zitumieni, kwani haki isiyodaiwa hubaki kwenye karatasi.

Maswali matatu

Tuliahidi kueleza ushauri wetu ulivyobadilika. Hatujaacha kusema msome vigezo na masharti. Mwenye muda na avisome. Lakini kwa mtu mwenye kazi, watoto na bando la kuhesabu, tunapendekeza maswali matatu ajiulize kabla ya kufungua akaunti yoyote, na asiingie mpaka apate majibu:

1. Nikifungiwa nje, nitarudi kwa njia gani? Namba na barua pepe ninazosajili ni zangu kweli, na uthibitishaji wa hatua mbili nimeuwasha?

2. Nikitaka kuondoka, nitachukua nini? Ipo sehemu ya kupakua picha, maandishi na anwani za wateja wangu, na mara ya mwisho nilipakua lini?

3. Nikishaondoka, wao watabaki na nini? Niliruhusu nini ambacho hakikuhitajika, na nilitoa taarifa za nani ambaye hakuulizwa?

Maswali haya hayahitaji Kiingereza wala elimu ya kompyuta. Mama anayeuza vitenge anaweza kujiuliza, na mjukuu anaweza kumuuliza babu yake anapomfungulia simu mpya.

Mwenzetu wa nne ametuombea tuwafikishie neno moja. Ameomba kwamba yeyote aliye na picha ya mzazi wake iliyohifadhiwa kwenye mtandao peke yake, aende nayo leo kwa mpiga picha wa mtaani, aichapishe kwenye karatasi na kuitundika ukutani. Hilo halimo katika kanuni zetu wala halikuwa katika mpango wa jaribio. Tumeliweka humu kwa sababu ndilo jambo ambalo yeye angelifanya, kama angejua.

Tuko tayari kupokea maswali, na wenye simu walizokuja nazo tutakaa nao baada ya kikao hiki, tufungue mipangilio pamoja.